Usiniulize nimesoma vitabu vingapi, niulize nilikomea wapi

Chukua kitabu cha maktaba kilichozunguka mikononi mwa watu kwa miaka, kifunge, kisha ukitazame ubavuni, upande ule kurasa zinapofunguliwa. Mara nyingi utakuta rangi mbili. Mwanzoni karatasi zimekuwa kahawia kwa jasho na mafuta ya vidole, halafu kuanzia mahali fulani zinarudi kuwa nyeupe, karibu kama zilivyotoka kiwandani. Hapo kwenye mpaka wa rangi ndipo wasomaji wengi walipochoka. Daftari la kuazimisha linaonyesha tu kwamba kitabu kilitoka tarehe fulani na kikarudi tarehe fulani. Kama kilisomwa, na kilisomwa hadi wapi, utauliza ubavu.

Mimi ni mkutubi wa chuo hapa Mwanza, na kila Desemba inapofika naona kwenye simu picha za vitabu vilivyopangwa vizuri juu ya meza, chini yake idadi: ishirini, thelathini na tano, hamsini. Kuna hadi programu za simu zinazokuwekea lengo Januari na kukukumbusha ukibaki nyuma. Simlaumu mtu anayefurahia hesabu yake. Ila kikazi naona hesabu hiyo haituelezi kitu, na mfano ninao kwenye rafu yangu mwenyewe.

Kwenye namba 896.392, ambako mfumo wa Dewey, ule wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba, umeiweka fasihi ya Kiswahili, wana wawili wa kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria, wanakaa bega kwa bega kwa sababu ya alfabeti tu: Kezilahabi, kisha Kitereza. Aniceti Kitereza alimaliza hadithi yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, akiwa ameiandika kwa Kikerewe. Ilikuja kuchapishwa mwaka 1980 na Tanzania Publishing House, kwa Kiswahili alichokitafsiri mwenyewe, na mwaka uliofuata mzee akafariki. Miaka 35 kutoka kalamu hadi kitabu. Ni kazi nene, inayokwenda kwa mwendo wa watu wasio na haraka. Jirani yake, Euphrase Kezilahabi, ana Nagona ya mwaka 1990, kijitabu cha kurasa sitini na kitu ambacho ungekitia kwenye mfuko wa koti. Kwa hesabu za Desemba, kila kimoja ni kitabu kimoja. Ni sawa na mvuvi akuambie amepata samaki kumi bila kusema ni dagaa au sangara.

Kwa hiyo mwaka huu, tangu Januari, niliamua kufanya kwa usomaji wangu kile ninachokifanya kwa vitabu vya chuo: kuutazama ubavu. Nilinunua kaunta buku ya kawaida. Nikimaliza kitabu siandiki chochote. Kitabu kikilala zaidi ya wiki bila kufunguliwa, naandika jina lake, ukurasa nilipokomea, na sababu kwa maneno mawili matatu. Sababu lazima iwe ya kweli. "Nimebanwa" hairuhusiwi, maana kila mtu amebanwa. Nikipitia sasa naona "umeme", "wageni", "simjui huyu anayesema", "kishasema", "simu", "simu", "simu", na moja iliyonichekesha hata mimi, "wadudu". Hiyo ya wadudu ni ya kweli. Ukisoma karibu na ziwa usiku, vile vijidudu vinavyofuata taa vinakuja kwa mawingu, na kila ukigeuza ukurasa unawabana watatu wanne. Vitabu vinavyotoka kwa wasomaji wa mitaa ya ufukweni navitambua kwa madoa hayo.

Sababu iliyonifundisha zaidi, hata hivyo, ni neno "daraja".

Nina wazazi Sengerema, kwa hiyo kwa miaka yote nimevuka pale Kigongo kwenda Busisi. Waliowahi kuvuka kwa pantoni wanajua: unafika, foleni ya malori imekwenda hadi juu, basi linazima injini, watu wanashuka kununua mihogo na samaki wa kukaanga, na hakuna anayejua mtavuka saa ngapi. Watu walikuwa wakilalamika, nami nililalamika pamoja nao, lakini begi langu lilikuwa na kitabu kinene kila safari. Kitereza nilimsoma pale. Hadithi ambayo watu wanachukua kurasa nyingi kusalimiana, kukaribishana, kutayarisha pombe na kusuluhisha ugomvi wa wakwe haisomeki dakika kumi kumi kabla ya kulala. Inataka mahali ambapo huna la kufanya na huwezi kuondoka. Pantoni ilinipa hapo mahali bila mimi kuomba.

Tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi likazinduliwa, kilomita tatu juu ya maji, na sasa unavuka kabla hujamaliza kusalimiana na jirani yako wa kiti. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayetaka foleni ile irudi. Kuna wagonjwa waliokuwa wakisubiri pale usiku, na kuna mizigo ya samaki iliyokuwa ikiharibika juani. Lakini kaunta buku yangu haina siasa. Kuanzia Julai, Myombekere alikomea ukurasa uleule, wiki baada ya wiki, na sababu ilikuwa hiyo moja.

Wakutubi wote tunafundishwa kanuni tano za S. R. Ranganathan, mkutubi wa India, alizozitoa mwaka 1931. Ya nne inasema: okoa muda wa msomaji. Tunaitumia kupanga katalogi, kuweka vibao kwenye rafu, kupunguza foleni ya kaunta. Nimeitekeleza miaka yote bila kujiuliza muda huo ukishaokolewa unakwenda wapi. Wangu ulikwenda kwenye simu, moja kwa moja, bila hata kupumzika njiani. Sikufanya uamuzi wowote wa kuacha kusoma. Nilichopoteza ni kiti tu, na kumbe usomaji wangu ulikuwa umekaa juu yake. Tangu hapo mtu akinijia analalamika kwamba amekuwa mvivu wa kusoma, simuulizi habari za ari. Namuuliza zamani alikuwa akisomea wapi, na pale mahali pamepatwa na nini. Mmoja alihama chumba chenye dirisha. Mwingine alipandishwa cheo akaacha kupanda daladala. Ari yao ilikuwa palepale.

Kilichomwamsha Myombekere tena sikukipanga. Mlinzi wetu wa getini ni mzee wa Kikerewe. Jioni moja nikiwa nasubiri usafiri alikiona kitabu mkononi akauliza ni cha nini. Nikamwambia. Akasema, "Soma kidogo nisikie, mwanangu." Nikamsomea kwa sauti sehemu inayohusu pombe ya ndizi, nikidhani nitamfurahisha na kuondoka. Akanisimamisha baada ya sentensi mbili.

"Ngoja. Wewe unajua ndizi zinakamuliwaje?"

"Zinapondwa, mzee."

"Hazipondwi. Zinakandwa na nyasi. Bila nyasi unapata uji, maji hayatoki."

Akakunja mikono ya shati, akanionyesha hewani: viganja vinasukuma chini, vinavuta, vinageuza, vidole vinashika nyasi ambazo hazipo. Kisha juisi inachujwa, kisha unga wa mtama unatiwa ili ichachuke. Miezi yote nilikuwa nikizipita sehemu hizo kwa macho, nikiona maneno, sioni mikono. Tangu siku ile tukawa na kawaida: daladala ikichelewa, nasoma, yeye anarekebisha. Wakati mwingine anabishana na Kitereza mwenyewe kana kwamba yupo kwenye benchi. "Hapo amefupisha," anasema, na mimi nikikitazama kile kitabu kinene najizuia kucheka. Sasa tumeshapita mbali kule nilikokuwa nimekwama, na kwenye kaunta buku sijaandika chochote juu yake tangu Septemba, maana yake hakijalala.

Nagona ni kesi nyingine, na hapa mlinzi hawezi kunisaidia. Kezilahabi wa Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, na wa Kichwamaji ya 1974, unamfuata hata kwenye kiti cha nyuma cha daladala. Kuna kijiji, kuna familia, kuna msichana au kijana anayeharibikiwa mbele ya macho yako. Wa Nagona amevunja vyote hivyo. Hujui uko wapi, wanafalsafa wa Ulaya wanapita mle ndani kama wapangaji, na mazungumzo yanaanza kabla hujajua nani anazungumza. Kaunta buku inaonyesha nilikomea ukurasa wa 14, baadaye wa 9, baadaye wa 22, baadaye wa 11. Nilikuwa narudi nyuma! Kwa programu ya simu huo ni uzembe. Mimi nilipoziona namba hizo zimepangana ndipo nikaelewa nilikuwa nakisoma kwa namna isiyokifaa. Kitabu chenye kisa cha kushika unaweza kukikata vipande, maana kisa kinakusubiri. Kijitabu kama Nagona hakina cha kukushikilia usiku hadi usiku. Ukikilaza, kinasahaulika chote. Nikatenga Jumamosi moja mchana, simu nikaiacha chumba kingine, nikakisoma kwa kikao kimoja hadi mwisho. Siwezi kujigamba kwamba nilielewa kila kitu, lakini kwa mara ya kwanza nilikiona kizima, umbo lake, kinavyojizungusha. Mzingile, iliyofuata mwaka 1991, nitaifanyia vivyo hivyo.

Vitabu vingine nilivyoviacha sina mengi ya kusema. Kuna kimoja cha mafanikio na utajiri nilichoazimwa na jirani, kikakomea ukurasa wa 30, sababu "kishasema". Naamini kurasa 170 zilizobaki zinasema tena. Msomaji ana haki ya kuondoka, na ubavu wenye rangi mbili hauna maana kwamba msomaji ndiye mwenye kasoro kila mara. Tunapopalilia rafu zetu, yaani kuondoa vitabu visivyofaa tena, kitabu ambacho watu kumi wamekomea mahali pamoja kinatuambia jambo kuhusu kitabu.

Kuna wasomaji wangu ambao ubavu wao siuoni kabisa, wale wa PDF zinazopitishwa kwenye makundi ya simu. Tuache kwamba mwandishi hapati hata shilingi. Mwanafunzi mmoja alinijia kaunta juzi, "Madam, hiki ninacho kwenye simu, ila kila nikikifungua kinaanza mwanzo." Nikamuuliza amefika wapi. Hakujua. Alikuwa amekisoma kwa muhula mzima na hakuwa na alama hata moja ya kumwambia yuko karibu na mwanzo au karibu na mwisho. Nikampa nakala ya karatasi na kipande cha bahasha cha kuwekea.

Suala hili la mtu aliyejua kusoma kisha akapungukiwa lina historia hapa kwetu kuliko tunavyokumbuka. Mwaka 1968 UNESCO na serikali walianzisha mradi wa elimu ya watu wazima yenye manufaa, makao yake Mwanza, kwa ajili ya mikoa ya kandokando ya ziwa, ukaendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Vitabu vya kwanza vya kusomea havikuwa na habari za mbali: kilimo cha pamba, migomba, ufugaji, uvuvi. Mkulima alijifunza herufi kwa maneno ya shamba lake mwenyewe. Waliousimamia waligundua mapema kwamba darasa peke yake halitoshi. Aliyejua kusoma mwaka huu, asipopata cha kusoma mwaka ujao, anarudi alikotoka. Ndiyo maana yakaja magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho, na maktaba za vijiji. Tulikuwa tukifundishwa hayo darasani kama habari ya wazee wa zamani waliosoma kwa karabai. Julai na Agosti mwaka huu, mimi mwenye cheti cha ukutubi ukutani, nilipofungua kitabu kinene baada ya wiki kadhaa za simu tupu, macho yaliruka aya nzima yakitafuta mwisho. Uwezo wa kukaa na sentensi ndefu ulikuwa umelegea kwa muda mfupi hivyo, na ulirudi getini kwa sababu nilikuwa nasoma kwa sauti na kwa sauti huwezi kuruka.

Wenzangu wawili kazini wameomba kuanza na kaunta buku zao Januari, na wananiuliza waandike vipi. Andikeni ukurasa na sababu, basi, na msiandike ndani ya kitabu. Kama lazima muweke alama humo, ni penseli nyepesi, pembeni. Msikunje kona za kurasa, maana karatasi ya miaka ya 1970 na joto letu hili, ukiikunja mara mbili inakatika. Tiketi ya basi inatosha kuwekea. Samaki mkavu hafai, na nalisema hilo kwa sababu nimeshakuta.