Nyumba ya tofali na bati nayo huungua

Kila kiangazi, nyasi zinapokauka Mufindi na Njombe, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, na watu wakaanza kusafisha mashamba kwa moto, napita kwenye miji ya watu kukagua hatari ya moto na jibu ninalopewa ni lilelile: "Mimi sina wasiwasi, nyumba yangu ni ya tofali na bati." Wanaosema hivyo si wazembe. Ni watu waliojinyima miaka mingi mpaka wakajenga, na ndiyo maana jibu hilo linaniuma.

Tofali haliungui, bati haliungui. Sasa angalia kilichopo kati yao. Kuna kenchi na papi za mbao. Kuna dari, na juu ya dari, kwa wengi wetu, kuna mahindi ya chakula, magunia matupu na viota vya ndege. Pale ukuta unapoishia limebaki pengo la kupitisha mkono, na kila wimbi la bati lina tundu lake. Huo ndio mlango wa moto.

Wengi wanausubiri moto kichaa, ule wa porini usiodhibitiwa, uje na miale yake mpaka uani. Lakini nyumba nyingi zinazoungua katika moto kama huo huwashwa na cheche. Upepo wa mchana huinua maganda ya mikaratusi na majani makavu yakiwa bado yanawaka, na ukiwa mkali huweza kuyarusha zaidi ya kilomita moja. Cheche ikitua kwenye bati tupu inakufa. Ikitua kwenye gata, mfereji wa maji ya mvua pembeni mwa paa, lililojaa majani ya misindano, inafuka kwanza, taratibu, hakuna anayeiona. Kisha inashika fishabodi, ubao wa ukingo wa paa, inapenya chini ya bati, na hapo dari imekwisha. Wakati huo moto wenyewe huenda umeshapita, na wenye nyumba wako bondeni wanamsaidia jirani kuokoa miti yake.

"Lakini nimelima njia ya moto." Umefanya vizuri sana, endelea kuilima kila mwaka. Njia ya moto inausimamisha moto unaotembea kwenye nyasi. Cheche inapita juu yake.

Kwa hiyo anza na nyumba yenyewe, kisha utoke nje. Safisha gata kabla ya Julai na urudie baadaye, kwa sababu misindano haiachi kudondosha. Ziba mapengo ya juu ya ukuta kwa udongo au saruji. Unapotaka hewa ipite, weka wavu wa chuma wenye matundu madogo, si chandarua cha plastiki. Hatua mbili za kwanza kuzunguka ukuta ziwe udongo mtupu: kuni zisiegemee jiko, magunzi na mabua yasirundikwe chini ya dirisha. Kuni zikae mita 10 au zaidi kutoka nyumbani, na nyasi za eneo hilo lote ziwe fupi. Kama nyumba iko juu ya mteremko, fyeka mara mbili ya hapo upande wa bondeni. Moto unaopanda huongeza kasi karibu maradufu kwa kila nyuzi 10 za mwinuko.

Na bomba la mgongoni, lile la kupulizia nyanya! Nalisisitiza kila ninapokwenda. Lioshe vizuri dawa yote itoke, lijaze maji, liweke pamoja na ngazi mahali ambapo hata mtoto anajua. Cheche kwenye fishabodi inazimwa na maji kidogo yakifika mapema.

Mengine nitayasema kwa ufupi.

Eti mti mbichi hauungui. Msindano una utomvu na mkaratusi una mafuta kwenye majani. Miti yote miwili inawaka ikiwa mibichi. Pogoa matawi ya chini mpaka mita 2, na usiache tawi lolote juu ya paa. Migomba inasaidia kweli, ila ukiiachia majani makavu yaning'inie umejifungia kuni kwenye shina.

Eti maji yanazima moto wowote. Petroli huelea juu ya maji na kusambaa ikiwaka, na mafuta ya kukaangia yaliyoshika moto hulipuka ukiyamwagia maji. Sufuria ifunikwe kwa mfuniko; petroli imwagiwe mchanga. Tena galoni ya petroli ya pikipiki inafanya nini chumbani?

Eti Zimamoto watafika. Piga 114 mara tu uonapo moto, utaje kijiji na barabara ya kuingilia. Lakini gari linatoka mjini, na barabara zetu unazijua. Saa ya kwanza ni yenu na majirani.

Eti "nachoma shamba langu, nausimamia mwenyewe." Mtu mmoja hausimamii moto saa saba mchana. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeweka masharti ya kuchoma: nenda ofisi ya kijiji, waarifu majirani, muwe wengi, na mchome wakati upepo umetulia.

Eti moto umezimika kwa kuwa hakuna miale. Kisiki na mizizi hufuka chini kwa chini kwa siku kadhaa, halafu upepo ukirudi vinawaka upya. Pitisha mgongo wa mkono karibu na ardhi bila kuigusa. Ukihisi joto, fukua, mwaga maji, koroga, fukua tena. Kesho yake mchana rudi ukague, hasa ukingoni.