Mkate mkavu haupunguzi meno ya sungura

"Daktari, huwa nampa mkate uliokauka ili asage meno." Kauli hii haikosi wiki, na kutoka Lanet, Nakuru, hadi Migosi, Kisumu, hubadilika neno moja tu. Kwa huyu ni mkate, kwa yule ni mahindi makavu au ukoko wa ugali, na ukishafika kwenye mashamba ya miwa ya Muhoroni au Mumias ni kipande cha muwa. Anayesema hivyo anampenda mnyama wake. Lakini mkononi amembeba sungura aliyekonda mgongo, kidevu kimelowa mate, na meno ya nyuma yameota ncha zinazomchoma ulimi.

Sungura ana meno 28, na yote huota maisha yake yote. Ya mbele, yale anayoyaona kila mtu, hurefuka karibu milimita 2 kwa wiki. Mengine 22 yamejificha nyuma ya mashavu, huwezi kuyaona kwa kumwinua mdomo tu, na hayo ndiyo yenye taabu nyingi zaidi. Ugumu wa chakula hauyapunguzi. Jino la sungura hupunguzwa na jino lililo mkabala nalo, pamoja na chembe za silika, madini magumu kama mchanga, zilizomo ndani ya nyasi. Akitafuna nyasi ndefu, taya la chini huenda kando kwa kando, upesi na kwa muda mrefu, na meno ya juu na ya chini husuguana uso mzima. Akipewa mkate au punje ya mahindi, taya hupanda na kushuka tu: anavunja, analainisha kwa mate, anameza. Kwa dakika moja amemaliza na ameshiba wanga, na nyasi ambayo angeitafuna kwa saa kadhaa imebaki pale pale. Kwa hiyo ule mkate uliokusudiwa kusaidia meno ndio unaoyanyima kazi.

Meno yasipofanya kazi, ya juu huota ncha kuelekea shavuni na ya chini kuelekea ulimini. Dalili huja polepole. Sungura anasogelea chakula, anakishika, kisha anakiangusha. Anaanza kuchagua vitu laini, macho yanatoa machozi kwa sababu mizizi ya meno ya juu inabana mfereji wa machozi, kidevu kinalowa. Hapo mwenye sungura huona "anapenda mkate kuliko nyasi" na kumwongezea mkate. Huyo hachagui kwa ladha. Nyasi inamuuma.

Meno ni nusu ya habari. Nusu nyingine iko tumboni. Wanga na sukari vikizidi uwezo wa utumbo mwembamba, hupita hadi kwenye sikamu, ule mfuko wa kuchachushia ulio mwanzoni mwa utumbo mpana. Bakteria walioko humo wamezoea ufumwele, zile nyuzinyuzi za nyasi na majani. Ukiwamiminia wanga, wale wa jamii ya Clostridium hupata nafasi ya kuongezeka, gesi hujaa, na wengine wao hutoa sumu inayoweza kuua sungura mchanga kwa siku moja. Sungura hawezi kutapika, kwa hiyo alichokimeza hakina njia ya kurudi.

Hali isipofikia huko, utaona uchafu mlaini umeganda manyoya ya chini ya mkia. Watu huuita kuharisha, ingawa mara nyingi sio. Ni kile kinyesi laini chenye umbo la kichala ambacho sungura hukila mwenyewe moja kwa moja kutoka sehemu ya haja, kwa sababu kina protini na vitamini B. Wanga ukizidi, hukilegeza na kuwa uji usioshikika, na sungura mnene hata hafiki kukichukua. Kwa joto la Kisumu hilo ni jambo la dharura: inzi hutaga kwenye manyoya machafu, na ndani ya saa 24 funza wameshaanza kula ngozi. Kagua chini ya mkia kila siku, mara mbili wakati wa joto kali.

Kwa hiyo mkate, chapati, biskuti, ugali, wali, mahindi makavu na njugu viondoke kwenye orodha kabisa, visibaki hata kama "kidogo tu Jumapili". Mahindi na njugu zilizohifadhiwa vibaya huongeza hatari ya sumu ya ukungu, aflatoksini. Muwa nao una zaidi ya gramu 10 za sukari katika kila gramu 100, maradufu ya karoti.

Anayetaka kutunza meno atafute robota la nyasi kavu ya Boma Rhodes. Kila siku ampe rundo lisilopungua ukubwa wa mwili wa sungura mwenyewe, na lisiishe hata usiku. Nyasi ndiyo iwe zaidi ya asilimia 80 ya anachokula. Akitaka kitu cha kuguguna, kuna vijiti vya mpera, mforosadi au mtufaha, vyenye unene wa penseli, vikiwa na magamba yake. Mahindi mabichi nayo yana zawadi nzuri: maganda ya kijani na ile nywele yake, bila punje. Ila tangu viwavijeshi vamizi waingie Kenya mwaka 2017, mashamba mengi ya mahindi hunyunyiziwa dawa, nayo hulengwa katikati ya mmea, palepale majani machanga yanapotokea. Kama hujui shamba limepuliziwa lini, acha.

"Karoti ndiyo chakula chake"

Hii imetoka kwenye katuni. Karoti ya gramu 100 kwa sungura wa kilo 2 ni sehemu moja ya ishirini ya uzito wake, sawa na mtu wa kilo 60 kukaa chini na kula kilo 3 za karoti. Za Molo na Njoro zikijaa sokoni Nakuru na bei ikashuka, watu hununua kwa mfuko na kumpa sungura asubuhi na jioni. Mpe kipande cha unene wa nusu sentimita, mara mbili kwa wiki. Majani ya karoti ni bora kuliko karoti yenyewe, na wachuuzi huyatupa: omba.

Kwa matunda, kipimo ni kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa wiki: ndizi, embe, papai, tufaha lisilo na mbegu. Siku ya tunda hakuna karoti. Sungura aliye chini ya wiki 12 hapewi tunda kabisa.

"Majani yenye maji huua sungura"

Maji hayaui. Kinachoua ni majani yaliyorundikwa kwenye gunia hadi yakapata joto na kuanza kuchacha, au yaliyokatwa mahali penye kinyesi cha sungura wengine na vimelea vya koksidia. Osha, kung'uta, mpe. Na wale wanaosema sungura hanywi maji kwa kuwa anakula majani, wasikie hili: anahitaji mililita 50 hadi 150 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na tango halichukui nafasi ya maji. Tumbo kavu ni tumbo linalosimama.

"Papai huyeyusha nywele tumboni"

Haliyeyushi. Kimeng'enya cha papai hakivunji keratini, ile protini ngumu ya nywele. Nywele hupita zenyewe pale nyasi na maji vinapotosha.

"Mnyama hujua mwenyewe kilicho sumu"

Sungura wa kufugwa atakula jani la parachichi kama atakavyokula la kunde. Parachichi lina pesini, sumu inayoharibu misuli ya moyo, na majani yake ndiyo mabaya zaidi, kwa hiyo usimwachie sungura chini ya mti huo. Mwepushe pia na lantana na mnyaa wa kwenye ua, majani ya viazi vya kawaida na ya nyanya, vitunguu vya kila aina, majani mabichi ya muhogo, na managu (mnavu). Managu tunayala yakiwa yamepikwa. Yeye angeyala mabichi, tena na matunda yake.

Vya kumpa viko vingi na karibu ni vya bure: kishona nguo kabla hakijatoa miiba, majani ya viazi vitamu, dhania, mnanaa, majani ya mforosadi. Sukuma wiki ina kalsiamu nyingi, na sungura hufyonza sehemu kubwa ya kalsiamu anayoila kisha huitoa ile ya ziada kwenye mkojo. Jani moja kila baada ya siku mbili au tatu latosha. Ukiona mkojo mzito kama chokaa, punguza. Kila kitu kipya kianze na kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kimoja peke yake, kisha subiri saa 24 hadi 48 ukitazama kinyesi. Ukileta vitatu siku moja, hutajua kipi kimemdhuru.

Vijiti vya mbegu na asali, pamoja na vidonge vya mtindi vinavyouzwa na picha ya sungura kwenye pakiti, usinunue.

Shauri moja ninalolirudia kwa kila mtu: jani la dhania la asubuhi mpe kwa mkono, usiliweke kwenye bakuli. Sungura anayelipokea mbio kila siku akilikataa leo, umeshajua mapema. Angalia kama kinyesi kimepungua au kimekuwa vipunje vidogo vikavu, kama amejikunyata, kama anasaga meno kwa nguvu. Akipitisha saa 12 bila kula, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Usimpe amoksilini iliyobaki nyumbani. Ikipitia mdomoni, dawa hiyo huua bakteria wazuri wa sikamu na kuwaacha wale wa sumu watawale, na sungura ambaye angepona kwa maji, dawa ya maumivu na kulishwa kwa sindano isiyo na ncha hufa kwa kuharisha.