Ni Kweli Sampuli Inapashwa Hadi Nyuzi 95, na Haiharibiki

Sisi wa maabara ya vinasaba (DNA), kwenye banda letu la Sabasaba tuliweka mashine ya PCR, yaani ya kunakili vinasaba, ikiwa kazini, kioo chake kikionesha joto linavyopanda na kushuka. Mtu akapiga picha kioo kilipoandika nyuzi joto 95 za Selsiasi, picha ikazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na tangu hapo dirisha letu la mapokezi halijapumzika. Wapo wanaotaka vipimo vya vinasaba virudiwe kwa sababu "damu ilichemshwa", na wapo wanaosema tunachanganya mdudu na damu. Mama mmoja wa Mbagala aliuliza kwa utulivu zaidi: kama yai linaiva kabla hata maji hayajatokota vizuri, damu ya mwanangu inabaki na nini?

Mama ameuliza vizuri. Ute wa yai ni protini, yaani mnyororo mrefu wa asidi amino uliojikunja ukapata umbo maalumu, na bila umbo hilo protini haina kazi. Joto likizidi mikunjo inafumuka, minyororo inanasana ovyo, ute unageuka mweupe, na hata ukiuweka kwenye friji wiki nzima haurudi ulivyokuwa. Lakini vinasaba si protini. Ni nyuzi mbili, kama za kamba, zilizosokotana. Zikifika joto la 94 au 95 zinaachana, likishuka zinashikana tena, na taarifa iliyomo inabaki palepale. Tunaziachanisha kwa makusudi ili kila uzi unakiliwe. Kila mzunguko unazidisha nakala mara mbili. Ikienda sawasawa, mizunguko 30 inatoa zaidi ya nakala bilioni moja kutoka kwenye nakala moja. Kupasha joto ndiyo kazi yenyewe, jamani.

Wa kumshangaa ni anayenakili. Huyo ni protini kweli, kimeng'enya kinachoitwa polimerasi, na kwa joto lile alipaswa kuiva kama yai. Mwanakemia Kary Mullis alipobuni PCR mwaka 1983, aliiva kweli. Polimerasi iliyotumika ilitoka kwa bakteria E. coli, anayeishi utumboni, na kila mzunguko iliharibika, fundi akafungua kila kichupa na kuongeza nyingine. Ufumbuzi ulitoka kwenye chemchemi za maji moto za Yellowstone, Marekani, ambako mwanabiolojia Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walimpata bakteria waliyemtangaza mwaka 1969 kwa jina Thermus aquaticus. Anastawi kwenye nyuzi 70 hivi. Polimerasi yake, Taq, ikiwekwa kwenye nyuzi 95 inachukua kama dakika 40 kupoteza nusu ya nguvu, wakati sisi kila mzunguko tunaigusisha joto hilo kwa sekunde chache au dakika moja.

Watu wanadhani protini hiyo imetengenezwa kwa malighafi ya ajabu. Hapana. Asidi amino ni zilezile 20 zilizomo kwenye maharage yako. Umbo la Taq lilichorwa kwa miale ya eksirei mwaka 1995, na sehemu yake inayonakili inafanana na mkono wa kulia uliokunjwa nusu: vidole, kiganja, kidole gumba, uzi wa vinasaba ukipita katikati. Polimerasi ya E. coli ina mkono huohuo. Tofauti iko kwenye kufunga. Tazama guta mbili zinazotoka Kariakoo na mzigo sawa. Moja imefungwa kamba mbili, nyingine imekazwa kila kona na hakuna ncha inayoning'inia. Barabara ikiwa nzuri zote zinafika. Kwenye mashimo ndipo utajua.

Protini za viumbe wapenda joto zimekazwa hivyo. Asidi amino zenye chaji chanya ya umeme hukaa jirani na zenye chaji hasi zikavutana. Tunaita madaraja ya chumvi, na tafadhali, hayahusiani na chumvi ya mezani. Sehemu zinazokwepa maji hubanwa ndani pasiwe na uwazi. Vitanzi vya nje mara nyingi ni vifupi, na mara nyingine vina prolini, asidi amino ambayo haipindiki kirahisi. Mfano ninaoupenda ni wa Pyrococcus furiosus, kijidudu kilichopatikana kisiwa cha Vulcano, Italia, kinachostawi kwenye nyuzi 100. Kimeng'enya chake kimoja kina vipande sita, na kwenye maungio yake kuna mtandao wa asidi amino 18 zenye chaji zilizoshikana. Hata hivyo si kila protini ya aina hii imefungwa namna hiyo, hivyo ukiambiwa kuna siri moja, usikubali. Kukazwa kuna gharama pia: kwenye joto la kawaida Taq ni mzembe, ndiyo maana hatua ya kunakili huwekwa kwenye nyuzi 72.

Kuhusu "mdudu anayechanganywa na damu": hakuna. Taq ya leo hutengenezwa ndani ya E. coli kiwandani. Mchanganyiko unaotoka kwa E. coli ukipashwa hadi nyuzi 75 hivi, protini nyingi za E. coli zinaganda na kutolewa, Taq inabaki kwenye maji. Halafu, kichekesho, tunaitunza kwenye friza, nyuzi 20 chini ya sifuri. Na kila tunapopima huwa kuna kichupa kisicho na sampuli yoyote. Kikitoa jibu, ujue kuna uchafu ulioingia, na kazi nzima inarudiwa.

Sasa utaratibu. Hapa Tanzania vinasaba vya binadamu vina sheria yake, ya mwaka 2009. Ombi la kupima nani mzazi wa mtoto haliletwi na mtu binafsi dirishani. Linapitia mamlaka kama mahakama, ustawi wa jamii au wakili. Njoo na barua hiyo na kitambulisho. Sampuli inachukuliwa na aliyeidhinishwa, bahasha inafungwa na kusainiwa mbele yako, na majibu yanarudi kwa aliyeomba, si kwa simu, si kwa shemeji. Kuchezea sampuli au kuvujisha majibu ni kosa la jinai, kwa mtumishi na kwa mwananchi. Usilete mswaki wa mtoto uliouchukua kwa siri. Nimeshasema hili mara nyingi.

Makala haya ni ya elimu tu. Shauri lako lina maelezo yake.

Kuna mzee pia alituletea chupa ya maji ya chemchemi ya moto ya Utete, Rufiji, akiamini ina bakteria kama yule, akitaka tuinunue. Tulimrudishia. Jamii ya Thermus imepatikana hata kwenye hita za maji ya kuoga, kwa hiyo sikatai kwamba kuna kitu mle. Lakini anayetaka kufanya utafiti aanzie COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, pale Sayansi, Kijitonyama, na chemchemi iliyo ndani ya hifadhi, kama Maji Moto ya Ziwa Manyara, inahitaji na kibali cha hifadhi. Chupa aliyokuja nayo ilikuwa ya juisi ya embe, haijaoshwa.