Nishati ya Jikoni: Hesabu Gharama ya Chungu, Si ya Gunia

Mji wa Jinja, nchini Uganda, umekaa kando ya bwawa la Nalubaale, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1954, na kilomita chache kuelekea kaskazini liko bwawa la Bujagali, la megawati 250, lililokamilika mwaka 2012. Hata hivyo, ukipita alfajiri nyuma ya hoteli za chakula mjini humo, utakuta sigiri zimepangwa ukutani na gunia la makaa limeegemezwa mlangoni.

Katika kazi yetu ya kukagua matumizi ya nishati kwenye biashara ndogo, wenye hoteli hutuuliza kwanza bei ya vifaa: paneli ya sola ni shilingi ngapi, jiko la umeme ni shilingi ngapi. Ni swali la haki kwa mtu mwenye mtaji mdogo, lakini si pa kuanzia, kwa sababu kifaa hununuliwa mara moja na moto hununuliwa kila siku.

Tulikaa siku nzima katika jiko moja la aina hiyo, tukapima makaa kwa mizani kabla ya kuwasha na tena baada ya kupakua. Mama mwenye hoteli alikuwa anajua bei ya gunia kwa kila msimu, wa mvua na wa kiangazi, ila hakuwahi kujua chungu kimoja cha maharagwe kinakula makaa ya shilingi ngapi. Maharagwe yaliinjikwa bila kulowekwa usiku, sufuria haikuwa na kifuniko, na sigiri ilikuwa pana kuliko sufuria, hivyo joto jingi lilipanda pembeni na kupotea hewani. Kurekebisha mambo mawili ya kwanza hakuhitaji mkopo wala fundi, na kwa maoni yangu hapo ndipo mkakati wa biashara ya kijani unapoanzia.

Baada ya hapo ndipo hesabu ya kubadili nishati inapokuwa na maana. Kilo moja ya makaa ina nishati ya karibu megajuli 30 (megajuli ni kipimo cha nishati), lakini sigiri ya bati hufikisha kwenye chakula chini ya asilimia 20, yaani megajuli 5 au 6 tu. Uniti moja ya umeme, yaani kilowati-saa moja, ni megajuli 3.6, na sufuria ya umeme ya presha, kwa kuwa imefungwa na kuzuia mvuke, hutumia sehemu kubwa ya nishati hiyo kwenye chakula chenyewe. Kwa hiyo, kilo ya makaa inayochomwa kwenye sigiri hufanya kazi ya takriban uniti 2 za umeme. Chukua bei unayouziwa kilo mtaani kwako, uilinganishe na bei ya uniti 2 kwenye risiti yako, nawe utapata jibu la biashara yako. Kwa maharagwe, ambayo presha huyaivisha kwa muda mfupi zaidi, umeme hupata nafuu ya ziada; kwa chapati, hesabu ni nyingine.

Bei ya makaa nayo haitulii. Matanuri ya udongo hula kilo nyingi za kuni ili kutoa kilo moja ya makaa, miti imekuwa ikisogea mbali na miji, na mwezi Mei 2023 Rais Museveni alipiga marufuku biashara ya makaa katika eneo la Acholi, kaskazini mwa nchi, ambako hata miti ya shea, ambayo mbegu zake hukamuliwa mafuta, ilikuwa ikikatwa.

Upande wa umeme, mambo yamegeuka. Bwawa la Karuma, la megawati 600, lilizinduliwa rasmi Septemba 2024, na uwezo wa mitambo nchini umezidi megawati 2,000, kiasi kinachopita mahitaji. Mkopo wa bwawa hulipwa maji yapite kwenye mitambo au yasipite. Kadiri uniti zinazouzwa zinavyoongezeka, ndivyo deni lile lile linavyogawanywa kwa uniti nyingi na kila moja kubeba mzigo mdogo. Hii ndiyo sababu ya kuwepo kwa bei ya kupikia kwa wateja wa majumbani, ambapo uniti za 81 hadi 150 katika mwezi hutozwa chini ya bei ya kawaida. Anayepika nyumbani na kuuza nje aitazame risiti yake kwa makini.

Atakayeamua kuhama asihamishe vyungu vyote kwa pamoja. Sufuria ya presha huchukua takriban kilowati 1, na nyaya za nyumba nyingi hazikufungwa kwa ajili ya sufuria nne zinazowaka mara moja, kwa hiyo fundi mwenye leseni azikague kwanza. Aanze na maharagwe, aandike kwenye daftari makaa na uniti za wiki mbili, kisha alinganishe akiba hiyo na rejesho la mkopo wa kifaa kabla ya kuweka saini. Jiko lililoboreshwa la udongo libaki pembeni kwa siku umeme unapokatika, na makaa yake yapimwe vilevile.