Kutuma ankara ya PDF si kubadilishana data kielektroniki

Wafanyabiashara wengi wadogo wa Mwanza wanaouza minofu ya sangara nje ya nchi huamini kwamba, wakishatuma ankara ya PDF kwa baruapepe, tayari wamebadilishana data kielektroniki na mnunuzi. Sivyo, kwa kuwa karani wa upande wa pili bado hulazimika kuisoma na kuiingiza upya, na hapo ndipo kilo 1,250 hugeuka 1,520. Ubadilishanaji wenyewe ni wa mfumo kwa mfumo, katika muundo uliokubaliwa kama EDIFACT wa Umoja wa Mataifa, ambamo ujumbe wa ORDERS ni oda na INVOIC ni ankara.

Wapo pia wanaodhani kwamba lazima wanunue seva, yaani kompyuta inayohudumia mawasiliano ya mifumo, dhana ambayo, kwa maoni yangu, imewatisha wengi bure. Mwenye wanunuzi wawili na oda chache hutosheka na kujaza taarifa kwenye tovuti ya mnunuzi, ingawa kazi ya kuziingiza kwa mkono hubaki kwake muuzaji; oda zikiongezeka, ni afadhali amlipe mtoa huduma anayebadilisha miundo ya data kwa niaba yake. Kuunganisha mifumo moja kwa moja, kwa itifaki (kanuni za kutumiana data mtandaoni) kama AS2, kunahitaji fundi wa kuhuisha vyeti vya usalama vya kidijitali kabla havijaisha muda, pamoja na seva isiyozimika hata umeme ukikatika.