Fundi, mtandao hausomi: tabaka lipi?

Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba, simu yangu haipoi. Makarani wa vyama vya msingi kuanzia Newala na Tandahimba mpaka Ruangwa wananipigia kwa kilio kilekile: "Fundi, mtandao hausomi." Nami nauliza: taa za ruta, kile kisanduku kinachoelekeza data, zinawaka? WhatsApp inafunguka? Wengine hudhani nawazungusha. Kumbe natafuta tabaka lililokwama.

Kompyuta huwasiliana kwa itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Chini kabisa kuna waya, nyuzi za mwanga au mawimbi ya mnara. Juu yake ni Etheneti (mtandao wa waya) au Wi-Fi, ambayo kazi yake ni kufikisha data kwa kifaa cha jirani tu. Inafuata IP, inayovusha pakiti, yaani vifurushi vidogo vya data, kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, kisha TCP, inayohakikisha data inafika nzima, na juu kabisa programu anayoiona karani.

Akibonyeza "tuma", TCP inakata data vipande na kuvipa namba. IP inabandika anwani ya mtumaji na ya mpokeaji. Etheneti nayo inaweka anwani zake, na kwa kawaida fremu moja, yaani kifurushi chake, haibebi zaidi ya baiti 1,500. Njiani, kila ruta inavua vazi la Etheneti, inasoma anwani ya IP, inavisha jipya na kusukuma mbele. Kilichomo ndani hakiihusu, kama vile dereva wa lori la korosho asivyofungua magunia ili ajue njia ya kwenda bandarini.

Wengi hawaamini nikiwaambia kwamba IP haiahidi kufikisha chochote. Ruta ikizidiwa inatupa pakiti na kuendelea na shughuli zake. TCP ndiyo inayofuatilia, tena kwenye ncha mbili tu za safari: mpokeaji anatuma uthibitisho, na usipofika, mtumaji anarudia kipande kilichopotea na kupunguza kasi. Vint Cerf na Bob Kahn, wabunifu wa TCP, walipochapisha wazo lao mwaka 1974, kazi hizi zote zilikuwa ndani ya itifaki moja. Baadaye zikatenganishwa, na sababu mojawapo ilikuwa sauti. Neno lililopotea katika mazungumzo halina maana kuletwa sekunde mbili baadaye. Ndiyo maana mtandao ukiwa mzito, simu ya WhatsApp inakata maneno, lakini hati uliyotumiwa inachelewa tu na kufika nzima. Simu hiyo hutumia UDP, itifaki nyingine isiyorudia kitu.

Mistari ya mnara kwenye simu yako inaeleza hatua ya kwanza tu. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, ungeweza kuona mistari imejaa na tovuti za nje zisifunguke. Kuzima na kuwasha simu hakuungi waya ulio chini ya bahari.

Kwa hiyo naanzia chini. Waya umechomekwa? Ruta inajibu? Seva ya mbali, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, inajibu nikiiita kwa namba ya anwani yake ya IP? Ikijibu kwa namba na kugoma kwa jina, mgonjwa ni DNS, daftari linalogeuza majina kuwa anwani tangu miaka ya 1980. Nabadilisha mpangilio wake na kazi inaendelea.

Kinachowachosha watu zaidi ni pale tabaka zote za chini ziko salama na ukurasa bado unakataa, kivinjari kikionya kwamba muunganisho si salama. Hapo naangalia saa ya kompyuta kwanza. Betri ya kidonge iliyo kwenye ubao mkuu ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa kila mashine inapozimwa, na cheti cha usalama cha tovuti kinaonekana hakijaanza kutumika. Karani anakuwa ameshanunua bando jingine, wakati alichohitaji ni betri ya CR2032 na kurekebisha tarehe.