Video bila uso: anza na sauti

Wengi wa watu ninaowahariria video hawaonekani kwenye kamera. Yupo mwalimu wa hesabu anayefundisha kwa kurekodi skrini, fundi simu ambaye mikono yake tu ndiyo inayoonekana mezani, na kina mama wa mapishi ambao kwao sura ni jambo la heshima na la nyumbani. Sababu zao zote nazikubali. Ila karibu wote huja na swali moja: ninunue kamera gani? Jibu langu halijabadilika. Simu uliyonayo inatosha. Hela hiyo nunulia maiki, na muda wako umalizie kwenye maneno.

Wasikilizaji wa Kiswahili tumelelewa na watu tusiowaona. Leonard Mambo Mbotela aliendesha kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?" kwenye redio ya taifa ya Kenya tangu miaka ya 1960, na vizazi vikamjua kwa sauti kabla ya kuijua sura yake. Tanzania alikuwepo Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, aliyesimulia filamu za nje kwa Kiswahili. Filamu ilikuwa ya wageni, lakini watu walikuwa wakimfuata yeye. Anayesema "video bila uso haina mvuto" amesahau alivyokaa kitako kusikiliza redio. Mtu wetu humwamini msimulizi haraka, akisimulia vizuri.

Kusimulia vizuri ni nini basi? Chukua video ya chapati. Simu imefungwa juu, inatazama meza, mikono inakanda. Msimulizi anasema: "Sasa naongeza maji. Sasa naendelea kukanda. Sasa nafunika." Hayo yote nimeshayaona, na kunisomea ninachokiona ni kunipotezea muda. Ambacho sikioni ni joto la maji, ulaini wa donge, na sababu ya kusubiri. Hapo ndipo sauti ina kazi: "Maji yawe ya uvuguvugu, kidole kivumilie humo. Kanda mpaka donge liache kushika kwenye bakuli. Libonyeze, shimo likijaa polepole, limekubali. Sasa lifunike nusu saa, maana donge lisilopumzika utalisukuma nalo litajirudi, na chapati itakuwa ngumu." Picha ni ileile, mikono ni ileile, lakini anayesikia maelezo haya ya pili ataingia jikoni akijua cha kufanya.

Kwa hiyo video za mikono mimi huzifanya kinyumenyume. Narekodi kazi yote kwanza, kisha naitazama nikiwa nimezima sauti kabisa, kalamu mkononi, nikiandika kila mahali ambapo mgeni angekwama. Maelezo hutoka kwenye orodha hiyo. Za somo au za historia ni tofauti: hapo sauti hutangulia, ikikamilika ndipo natafuta picha za kuifuata. Ukianza na picha kwenye somo la namna hiyo utajikuta unaongea ili kujaza nafasi.

Andika unavyoongea. Sentensi ikikulazimisha kuvuta pumzi katikati, ikate. Pia puuza ushauri unaozunguka mtandaoni wa kusoma maneno 150 kwa dakika. Ni kipimo cha Kiingereza. Kitenzi chetu kimoja hubeba sentensi nzima, na kwa kasi hiyo utasikika kama mtangazaji wa mnada. Mimi huwaambia watu walenge 110 hivi, na wapunguze zaidi kwenye vipimo na majina.

Kurekodi kwenyewe hakuhitaji studio. Kinachoharibu sauti nyumbani ni ukuta mtupu na sakafu ya vigae, kwa sababu sauti hugonga huko ikarudi kwenye maiki. Kaa mbele ya kabati la nguo lililo wazi, au simamisha godoro nyuma ya maiki. Mdomo uwe kama shubiri moja kutoka kwenye maiki, na uielekeze pembeni kidogo ya mdomo ili "p" na "b" zisipulize. Zima feni. Friji nayo, kama iko karibu. Weka simu kwenye hali ya ndege. Mvua ikianza kupiga bati, acha kazi. Ukijaribu kuitoa mvua hiyo kwa programu, mara nyingi huondoka na sauti yako. Kabla ya kuongea, nyamaza sekunde kumi huku ukirekodi. Ukimya huo unaipa programu ya bure ya kuhariri sauti, Audacity, mfano wa kelele ya chumba, nayo inaipunguza kwenye rekodi nzima. Mwishoni nalenga ukubwa wa sauti wa LUFS -14 hivi (LUFS ni kipimo cha jinsi sauti inavyosikika kubwa), kwa kuwa YouTube hushusha video zilizozidi hapo.

Kwenye picha nina neno moja tu, kwa sababu linawasumbua wengi bila kujua chanzo. Ukirekodi usiku chini ya taa, video inatoka na mistari inayopanda na kushuka. Simu si mbovu. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde. Simu ikichagua kasi ya shata, yaani muda wa kupokea mwanga kwa kila picha, isiyolingana na mapigo hayo, mistari inatokea. Ingia kwenye hali ya kurekebisha kwa mkono, weka shata 1/50 au 1/100 ya sekunde, na fremu (picha) 25 kwa sekunde kama simu inaruhusu. Au rekodi mchana karibu na dirisha, jambo ambalo kwa chakula naliona bora zaidi.

Sasa sauti za mashine. Zipo za Kiswahili, Microsoft wana za Tanzania na za Kenya, na zinazidi kuwa nzuri. Kwa tangazo fupi au kwa mtu asiyeweza kuongea, sina neno. Kwa chaneli nzima sizipendekezi. Zinajikwaa kwenye tarakimu, vifupisho na majina ya mitaa, na hazijui kusita pale mtu aliyewahi kuunguza chapati angesita. Kuna na suala la pesa. Julai 2025 YouTube walifafanua sera yao kuhusu maudhui wanayoyaona si halisi: video zinazofyatuliwa kwa wingi, zinazofanana, zisizo na mchango wa mtengenezaji, hazistahili malipo ya matangazo. Sera hiyo haimkatazi mtu kuficha uso, wala haikatazi sauti ya mashine yenyewe. Lakini anayechukua makala ya mwenzake, akaisomesha mashine juu ya picha za kuokota, ndiye anayelengwa. Binafsi nafurahi, kwa sababu chaneli za namna hiyo zinawafunika watu wenye ujuzi wa kweli.

Sura isipoonekana haina maana kwamba umefichika. Kabla ya kupandisha video yoyote ya mteja, naipitia polepole nikitafuta mambo mengine kabisa: uso kwenye sufuria ya chuma au birika linalong'aa, kibao cha duka kupitia dirishani, sare ya shule ya mtoto aliyepita nyuma, namba ya gari. Kwenye video za kurekodi skrini hatari kubwa ni arifa. Unaeleza jinsi ya kutumia programu, mara ujumbe wa M-Pesa unashuka juu ya skrini wenye jina la aliyekutumia, kiasi na salio lako. Washa hali ya usisumbue kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi. Na ujue sauti yako itatambulika: jirani, mkwe na bosi wataijua ndani ya sekunde chache. Kama hilo halikubaliki kabisa, mtafute mtu mwingine akusomee na umlipe.

Wanaokulipa nao lazima wakujue. Ili kupata mgao wa matangazo YouTube wanataka watu 1,000 waliojiunga na chaneli, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Ukifika hapo unafungua akaunti ya AdSense, ambayo Google, wenye YouTube, huitumia kukulipa, na huko jina la chaneli halikusaidii: andika jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho. Mapato yakifika dola 10, Google hutuma kwa posta barua yenye namba ya siri ya kuthibitisha anwani, na malipo hutoka yakifika dola 100. Kwetu barua haziletwi mlangoni kwa kila mtu, kwa hiyo weka sanduku la posta ambalo wewe mwenyewe una ufunguo wake, au la mtu ambaye uko radhi ajue chaneli ni yako.